Beki Aliyetoka Ligi ya Mkoa

Leo tuanzie Berlin, tarehe 9 Julai 2006, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia. Italia 1, Ufaransa 1. Dakika 120 zimeisha, Zidane wa Ufaransa keshatolewa kwa kadi nyekundu, na sasa ni penalti. David Trezeguet wa Ufaransa amegonga mwamba. Waitaliano wanne wamepiga, wote wamefunga. Anayetembea sasa kutoka katikati ya uwanja ni beki wa kushoto, mtu mrefu, mwembamba, jina lake Fabio Grosso. Akifunga, kombe ni la Italia. Akafunga.

Siku tano kabla ya hapo, pale Dortmund, ni yeye huyo huyo aliyewafunga wenyeji Ujerumani katika nusu fainali, dakika ya 119. Mwenzake Pirlo alimpenyezea mpira katikati ya msitu wa miguu, Grosso akaupinda kwa mguu wa kushoto, ukazunguka ukaingia kona ya mbali. Halafu akakimbia huku anatikisa kichwa, analia kwa sauti kwamba haamini. Picha ile nimeitazama sijui mara ngapi, na kila nikiitazama najiuliza: hakuamini nini hasa? Lile bao? Au ile njia aliyopita mpaka akalifikia?

Maana miaka minane tu nyuma, mwaka 1998, Grosso alikuwa mchezaji wa ridhaa. Alikuwa akicheza ligi ya mkoa, katika mkoa wa Abruzzo, upande wa mashariki wa Italia ya kati, kule ambako milima inashuka mpaka bahari ya Adriatiki. Ligi hiyo wanaiita Eccellenza, na leo ni daraja la tano kuhesabu kutoka juu. Hakuwa beki hata kidogo. Alicheza mbele, akifunga mabao. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka 21, umri ambao vijana wa vituo vikubwa vya soka huwa wameshaambiwa ama karibu ama kwaheri.

Ngoja nikupangie madaraja yenyewe, maana bila hayo hadithi haikai sawa. Juu kabisa ni Serie A, kisha B, kisha C. Hizo tatu ni za kulipwa. Ukishuka hapo unaingia kwenye soka la ridhaa, linaloongozwa na Lega Nazionale Dilettanti, chombo kilichoundwa mwaka 1959. Serie D ndiyo ya juu kwenye ridhaa, na ina makundi 9 nchi nzima. Chini yake ndiyo hiyo Eccellenza, iliyoanzishwa mwaka 1991, yenye makundi 28 yaliyogawanywa kimkoa. Mikoa mikubwa ina zaidi ya kundi moja. Abruzzo ina moja tu. Halafu Promozione, halafu Daraja la Kwanza, la Pili na la Tatu la ridhaa. Ukihesabu vizuri unapata ngazi 9, na hakuna ngazi iliyong'olewa katikati. Bingwa wa kundi la Eccellenza anapanda Serie D moja kwa moja. Nyuma yake, timu 28 nyingine, moja kutoka kila kundi, zinachujana mpaka zinabaki 7, nazo zinapanda. Timu ya kijiji ikianza chini kabisa leo, hakuna kanuni inayoizuia kufika juu siku moja.

Sisi huku tungesema ni soka la mchangani, na kwa roho yake tungekuwa sawa. Ila kwa taratibu zake, hapana. Sikiliza jinsi mechi ya Jumapili inavyoanza.

Majira ya baridi mpira unaanza saa nane na nusu mchana. Siku zikirefuka, saa nayo inasogezwa, saa tisa, saa tisa na nusu, mpaka saa kumi. Anayepanga ni jua. Mapema kabla ya hapo mtu mmoja wa klabu, mara nyingi mzee mstaafu asiyelipwa chochote, ameshapitisha chokaa kwenye mistari. Jezi zimefuliwa. Katibu wa klabu ameandika orodha ya wachezaji, wenyewe wanaiita distinta, yenye namba, majina na tarehe za kuzaliwa, na anaipeleka kwa mwamuzi pamoja na vitambulisho vyote. Baadaye mwamuzi anaingia chumba cha kubadilishia nguo, orodha mkononi. Anaita jina la ukoo. Mchezaji anasimama, anajibu kwa jina lake la kwanza na namba yake, anageuza mgongo aonyeshe jezi. Mwamuzi anatazama uso, anatazama kitambulisho, anaangalia vilinda ugoko na meno ya viatu. Anayefuata. Hivyo hivyo mpaka wa mwisho wa benchi.

Mwamuzi mwenyewe mara nyingi ni kijana kuliko wachezaji anaowakagua. Chama cha waamuzi cha Italia kimekuwapo tangu mwaka 1911, na kinawafundisha wangali shuleni. Kwenye Eccellenza anakuja na wasaidizi wawili rasmi. Ukishuka mpaka Daraja la Kwanza la ridhaa na chini yake, anakuja peke yake, na vibendera wanashika watu wa klabu zenyewe, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Fikiria hiyo hali, msikilizaji: kijana wa miaka 18 kafika kwa gari la baba yake, hana ndugu wala rafiki katika mji ule, na anatakiwa awape kadi nyekundu watu wenye ndevu mbele ya shangazi zao. Wanatukanwa, na wengine wanapigwa. Mwezi Novemba 2024 waamuzi wa Serie A waliingia uwanjani wamejipaka alama nyeusi shavuni kwa ajili ya wenzao hawa wa chini. Mimi nasema wazi: anayempiga mwamuzi kijana hapendi mpira, na afungiwe maisha.

Ukali huo una mzizi, ingawa mzizi hauuhalalishi. Waitaliano wana neno, campanilismo, linalotokana na campanile, yaani mnara wa kengele wa kanisa. Maana yake ni mapenzi ya mtu kwa kengele ya kwao, kiasi cha kuona kengele ya kijiji jirani inalia vibaya. Abruzzo imejaa minara ya namna hiyo. Una miji ya pwani kama Vasto na Giulianova, una Penne kwenye vilima, una Sulmona bondeni, mji aliozaliwa mshairi Ovidio miaka 2000 iliyopita, una Avezzano na Capistrello kule ndani. Jumapili moja timu inacheza inanusa bahari, Jumapili inayofuata inapanda basi kuelekea upande wa Gran Sasso, mlima wenye urefu wa mita 2,912, na huenda ikakuta uwanja umefunikwa theluji, mechi imeahirishwa. Wanarudi nyumbani. Jumatatu asubuhi fundi bomba yuko kwenye bomba lake na mwalimu yuko darasani.

Sasa nirudi kwa Grosso, kwa sababu jina la timu yake nalo lina kisa, na kisa hicho kinanigusa kila nikikikumbuka. Timu iliitwa Renato Curi.

Renato Curi alikuwa kiungo wa Perugia miaka ya 1970. Mwezi Mei 1976 aliifunga Juventus bao lililoinyima ubingwa na kuupeleka kwa jirani zao, Torino. Tarehe 30 Oktoba 1977, Perugia inacheza tena na Juventus, mvua inanyesha, Curi akaanguka uwanjani. Moyo. Hakuinuka tena. Alikuwa na miaka 24. Perugia ikaupa uwanja wake jina la Curi, na kule Abruzzo, eneo la Pescara, klabu ya ridhaa nayo ikabeba jina hilo hilo.

Siku 29 baada ya kifo kile, tarehe 28 Novemba 1977, akazaliwa Fabio Grosso. Akakulia Abruzzo. Akavaa jezi ya timu iitwayo Renato Curi. Akapanda Chieti, daraja la nne ambalo wakati huo lilikuwa bado la kulipwa, na mwaka 2001 akanunuliwa na Perugia, akawa anacheza nyumbani kwenye uwanja uitwao Renato Curi. Ni huko Perugia alikosogezwa nyuma, akawa beki wa kushoto. Kutoka hapo Palermo, kutoka Palermo Berlin. Mtu angeyatunga haya katika riwaya, msomaji angesema mwandishi amezidisha.

Na hakuwa peke yake. Moreno Torricelli alikuwa seremala katika kiwanda cha samani kule Brianza, kaskazini ya Milano, akichezea Caratese ya ridhaa. Kiangazi cha mwaka 1992 Juventus wakamjaribu, wakamchukua. Mwenzake Roberto Baggio akambandika jina la Geppetto, yule mzee seremala wa hadithi ya Pinocchio. Mwaka 1996 Torricelli alikuwa uwanjani Roma Juventus ilipoishinda Ajax na kuchukua Ligi ya Mabingwa. Dario Hübner naye alikuwa fundi wa kufunga madirisha ya alumini huko upande wa Trieste, akicheza ligi za chini na timu ya Muggesana. Serie A aliigusa ana miaka 30. Msimu wa 2001-02, akiwa na Piacenza, timu ya kuhangaika isishuke daraja, alimaliza mfungaji bora wa Serie A kwa mabao 24. Alikuwa amefikisha miaka 35. Aliyelingana naye kwa mabao hayo 24 alikuwa nani? Ni David Trezeguet. Yule yule ambaye miaka minne baadaye mpira wake uligonga mwamba pale Berlin, akamwachia njia Grosso.

Nataka uone kitu kimoja katika watu hawa watatu. Wote walichelewa. Hakuna aliyewaona wakiwa na miaka 15, au aliyewaona aliwapita. Mfumo wa vituo vya vijana unafanya kazi kwa kuchuja, na chujio lolote linaangusha vilivyo vidogo leo hata kama kesho vingekua. Kama chini ya chujio pangekuwa patupu, hawa watatu wangeishia kuwa mafundi wazuri na baba wazuri wa familia, na Jumapili wangetazama mpira kwenye televisheni. Chini ya chujio palikuwa na ligi ya mkoa. Palikuwa na mzee wa chokaa, katibu wa vitambulisho, na mabeki wa miaka 34 wenye viwiko vigumu waliomfundisha kijana mambo ambayo mwalimu wa kituo hayafundishi. Ligi hiyo ilimpa Grosso muda.

Timu nzima pia inaweza kupewa muda. Castel di Sangro ni mji wa watu kama 5,500 hivi, milimani, huko huko Abruzzo. Klabu yake ilitoka madaraja ya chini kabisa, ikapanda, ikapanda, na mwezi Juni 1996 ikaingia Serie B kwa penalti dhidi ya Ascoli. Kocha alimwingiza kipa wa akiba, Pietro Spinosa, dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, kwa ajili ya mikwaju tu, na Spinosa akaokoa mkwaju ulioamua. Uwanja wao ulikuwa mdogo mno kwa Serie B, ikabidi wahamie Chieti kwa muda wakati unapanuliwa. Mwezi Desemba mwaka huo huo wachezaji wao wawili, Danilo Di Vincenzo na Filippo Biondi, walikufa katika ajali ya gari. Timu ikacheza na huzuni ile, na mwisho wa msimu haikushuka. Ilishuka mwaka uliofuata. Leo ukienda Castel di Sangro majira ya kiangazi unaweza kuikuta Napoli inafanya mazoezi ya kabla ya msimu kwenye uwanja ule ule.

Ngazi hizi zinapokea pia wanaoanguka. Parma, klabu aliyoichezea Mkenya wetu McDonald Mariga, ilifilisika mwaka 2015 ikaanzia upya Serie D, na watu maelfu wakanunua tiketi za msimu mzima kwenda kutazama ridhaa. Misimu mitatu, madaraja matatu, mwaka 2018 ikarudi Serie A. L'Aquila, mji mkuu wa Abruzzo, ulipigwa na tetemeko tarehe 6 Aprili 2009, watu 309 wakafa. Klabu yake nayo ikaja kuanguka kifedha mwaka 2018, ikaanza tena chini, ikapandia kwenye viwanja vya vijiji vya mkoa ule ule mpaka ikafika Serie D. Katika mji ambao nyumba zilikuwa bado zimeegemezwa na vyuma, kulikuwa na jambo la kuzungumza Jumatatu.

Basi, baada ya sifa zote hizi, niseme linaloniuma.

Kwa miaka mingi kanuni za ridhaa zimekuwa zikilazimisha timu za Serie D na Eccellenza kuchezesha muda wote wa mechi idadi fulani ya vijana wa miaka iliyotajwa ya kuzaliwa. Idadi hubadilika msimu hadi msimu. Nia ni njema: vijana wacheze. Lakini tazama inavyotendeka. Kocha anapanga kikosi akianza na vyeti vya kuzaliwa. Nafasi zinazoonekana hazina hatari kubwa, beki wa pembeni, mara nyingine kipa, anawekewa kijana wa mwaka unaotakiwa. Kijana akiwa na miaka 18 anapigiwa simu na klabu tano. Akifika 21 mwaka wake wa kuzaliwa umepitwa, simu inanyamaza, kiti chake kakalia mwenzake wa 18. Hakushuka kiwango. Amekua tu. Kumbuka Grosso alipanda kutoka Eccellenza akiwa kwenye umri huo huo ambao leo kijana anaonekana ameisha. Kwa maoni yangu, anayeweza apangwe kwa sababu anaweza, na fedha za kuwasaidia vijana zielekezwe kwa klabu zinazowafundisha tangu utotoni.

Jambo jingine limerekebishwa, na nalipongeza. Zamani mchezaji wa ridhaa wa Italia alikuwa amefungwa na klabu yake mpaka atimize miaka 25. Klabu ikikataa kumwachia, anakaa. Sheria mpya ya kazi za michezo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2023, imekifungua kifungo hicho. Imewatambua pia wanaopata chochote kwenye ridhaa kuwa ni wafanyakazi, huku malipo ya mpaka euro 5,000 kwa mwaka yakiwa hayakatwi michango ya jamii, na mpaka euro 15,000 hayatozwi kodi. Klabu ndogo zimelalamika kwamba makaratasi yameongezeka, na mzee wa chokaa sasa anahitaji mhasibu. Malalamiko hayo nayaelewa. Lakini kijana wa miaka 20 kuwa mali ya klabu halikuwa jambo la kutetewa.

Na kuna vijana ambao kikwazo chao ni karatasi zenyewe. Musa Juwara alitoka Gambia, akavuka bahari, akafika Sicilia mwaka 2016 akiwa bado mtoto, hana mzazi. Akapelekwa mkoa wa Basilicata, akaanza kucheza na Virtus Avigliano, timu ya vijana ya mji mdogo wa milimani. Kocha wa pale akampokea nyumbani kwake. Chievo ya Verona ilipomtaka, usajili ulikwama kwenye kanuni za kimataifa za wachezaji wa kigeni walio chini ya miaka 18, mpaka wanasheria wakaingia kati. Tarehe 5 Julai 2020, pale San Siro, Bologna ikiwa nyuma kwa bao moja mbele ya Inter, Juwara akaingia kutoka benchi akasawazisha. Bao la ushindi likafungwa na Musa Barrow, Mgambia mwenzake.

Italia ilikuwa imepitisha sheria namba 12 ya mwaka 2016, inayomruhusu mtoto wa kigeni aliyeishi nchini humo tangu kabla ya kutimiza miaka 10 asajiliwe michezoni sawa na Mwitaliano. Hatua nzuri. Lakini Juwara, aliyefika akiwa na miaka 14, isingemsaidia. Kule Napoli watu waliliona pengo hili mapema. Mwaka 2009 wakaanzisha Afro-Napoli United, timu ya wahamiaji na wenyeji pamoja, ikaanzia daraja la chini kabisa ikapanda mpaka Eccellenza. Safari nzima walikuwa wakipambana na wapinzani uwanjani na vibali vya kuishi ofisini.

Muda wangu unakwisha, msikilizaji. Jumapili hii, saa nane na nusu mchana, katika chumba chenye harufu ya dawa ya kuchulia misuli mahali fulani Abruzzo, mwamuzi ataingia na orodha yake. Ataita jina la ukoo. Kijana wa miaka 21 atasimama, atataja jina lake na namba, atageuza mgongo. Mwamuzi atateremsha macho mpaka kwenye tarehe ya kuzaliwa, ataweka alama ya kalamu, ataita anayefuata.